Njia ndefu kwa vipande

SWALI: Mimi, mke wangu na shemeji yangu tungependa kuitembea kwa miguu njia moja ndefu, lakini kila mwaka tunapata likizo ya wiki moja tu. Je, tukiitembea kwa vipande tutahesabiwa kuwa tumeimaliza, na tuigawe vipi?

JIBU: Mtahesabiwa. Njia ya Appalachian nchini Marekani, yenye urefu wa kilomita zipatazo 3,500 kutoka Georgia hadi Maine, ina watu walioimaliza kwa vipande katika miaka mingi, nao hutambuliwa sawa na walioitembea kwa mkupuo mmoja, bila kujali mpangilio wa vipande vyao.

Katika kuigawa, anzeni na usafiri kabla ya kilomita: kipande kinachofaa ni kile ambacho ncha zake zote mbili hufikika kwa gari. Mkiwa na magari mawili, acheni moja mwishoni kabla ya kuanza.

Ugumu hasa, kwa maoni yangu, ni kwamba anayetembea mfululizo huzoea baada ya wiki chache, ilhali ninyi mtaanza kila mwaka na miguu laini. Kwa hiyo siku mbili za kwanza ziwe fupi, mwendo uwe wa yule anayetembea polepole zaidi miongoni mwenu, na mtu akihisi kisigino kinawaka, wote wasimame papo hapo abandike plasta, kwani lengelenge likishatumbuka huweza kuwamalizia safari. Mwisho wa kila kipande, pigeni picha ya alama mliyoishia. Bila hiyo, baada ya mwaka mzima mtabishana mliishia wapi.