Mzee katoka baipasi, nyumbani kila mtu amekuwa daktari

SWALI: Shikamoo dokta. Baba yangu ana miaka 63, kafanyiwa operesheni ya baipasi ya moyo wiki 3 zilizopita, tunamshukuru Mungu katoka salama. Shida ni kwamba siku ya kuruhusiwa tulipewa mfuko wa dawa na karatasi ya Kiingereza, nesi akaelezea harakaharaka huku sisi tunahangaika na bili na gari, kufika nyumbani hakuna anayekumbuka kitu. Sasa shangazi anataka amkande kifua kwa maji ya moto, kaka anasema asinyanyuke kitandani miezi 3, mzee mwenyewe anasema kashawekewa mishipa mipya dawa za nini tena. Mguu nao umevimba, wakati alipasuliwa kifua! Na siku hizi analia hovyo, hatujawahi kumuona baba akilia. — Binti Mkubwa, Morogoro

JIBU: Marahaba binti. Nianze na mzee maana yeye ndo ananitisha kuliko shangazi. Baipasi haiondoi ugonjwa, daktari anachukua mshipa sehemu nyingine ya mwili anaupachika ili damu ipite pembeni ya pale palipoziba, ni kama barabara ya mchepuko, shimo lenyewe bado liko palepale. Na yale mafuta yaliyoziba mshipa wa kwanza yanaweza kuziba na huu mpya, hasa ule uliotolewa mguuni, baada ya miaka 10 karibu nusu inakuwa imeziba, wakati ule wa ndani ya kifua mara nyingi unadumu zaidi. Kwa hiyo aspirini na dawa ya kolestro kwa wengi ni za maisha, sio za kumaliza doozi. Presha ikisoma vizuri asiseme amepona, inasoma vizuri kwa sababu anameza dawa! Asiache hata moja bila kuongea na daktari wake. Na sigara kama alikuwa anavuta ndo basi tena.

Mguu sasa. Angalia kwa ndani kuanzia kifundo kwenda juu utaona kovu, hapo ndo walipotoa mshipa, kuvimba wiki kadhaa ni kawaida, akikaa aweke mguu juu ya stuli na asiache kutembea. Ila ukivimba ghafla, nyama ya nyuma ikawa ngumu ya moto na inauma, huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Tafuteni mzani apime kila asubuhi kabla ya chai, akiongezeka zaidi ya kilo 1 kwa siku au kilo 2 kwa wiki ni maji yanajaa, sio kwamba ananenepa.

Shangazi mwambieni kwa heshima, kukanda hapana. Mfupa wa katikati ya kifua ulikatwa kwa msumeno ukafungwa na waya, unahitaji kama wiki 6 hadi 12 kuunga. Kidonda kinaoshwa kwa maji na sabuni ya kawaida, kinakaushwa taratibu kwa taulo safi, hakipakwi mafuta ya nazi wala unga wa dawa ya mtu yeyote. Kwa kipindi hicho asibebe zaidi ya kilo 4 hivi, yaani hata dumu la lita 5 likijaa limezidi, mjukuu ndo kabisa, na nyie msimnyanyue kwa kumvuta mikono au makwapa, ajigeuze kwa ubavu kwanza ndo ainuke. Akikohoa akumbatie mto. Kama ni mtu wa swala aswali amekaa kwenye kiti kwanza, kuinuka kwenye sijida kwa nguvu ya mikono kunavuta mfupa. Bodaboda asahau kwa sasa.

Kaka naye kakosea, kulala tu kunaleta damu kuganda na nimonia. Atembee, leo mpaka getini kesho mpaka kwa jirani, akichoka apumzike. Maumivu ameze parasetamo, msimnunulie diklofenaki wala ibuprofeni duka la dawa maana kwa mtu wa moyo hizo ni hatari.

Kulia kunawapata wengi sana baada ya operesheni hii, pamoja na kukosa usingizi na hamu ya kula, na wanaume wetu hawaambiwi kwa hiyo wanaona aibu. Mara nyingi kunapungua wenyewe, kukizidi wiki mbili tatu au akaanza kusema hana haja ya kuishi mwambieni daktari wazi.

Homa ya 38 au zaidi, usaha, mfupa wa kifua kulia ko ko akigeuka, kukosa pumzi au maumivu ya kifua, msisubiri kliniki.

Lile la karatasi mimi naona sio kosa lenu. Kumfundisha mgonjwa saa ya kutoka, kichwa kina usingizi wa dawa na ndugu wanawaza bili, ni kama hajafundishwa, ingawa najua manesi nao wanazidiwa. Kliniki ijayo nendeni na mfuko wote wa dawa, mmoja wenu ndo awe msikilizaji, aombe kurekodi kwa simu, aulize kila kidonge kazi yake nini na kinamezwa mpaka lini, halafu amrudishie daktari maelezo kwa Kiswahili chake aone kama kaelewa.

SWALI: Dokta naona haya, mume wangu alifanyiwa hiyohiyo, mambo ya chumbani lini? — Mama wa Tanga

JIBU: Usione haya mama, wengi wanataka kuuliza hili na hawaulizi. Akiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kubana wala kuhema sana, kwa kawaida wiki 4 hadi 8, anaweza, ila asijiegemeze kwenye mikono mpaka mfupa uunge. Vidonge vya kuongeza nguvu asinunue mtaani, kama ana dawa ya kuweka chini ya ulimi vikikutana presha inaweza kushuka mpaka akafa.