Kabla ya kununua mche, zunguka na tochi

Watu wanaoniuliza waanzie wapi kutunza viumbe vya asili mjini huwa tayari wameshika jembe. Wanataka orodha ya miti ya kupanda. Mimi huwaambia waliweke chini kwa msimu mzima wa mvua na kiangazi kinachofuata, wazunguke eneo lao wakiangalia kilichopo. Mji wa tropiki una uhai mwingi kuliko unavyoonyesha mchana, na ukianza kusafisha ili upande, cha kwanza kufyekwa ni kile kile ulichotaka kukitunza.

Usianzie kwenye bustani zilizopambwa. Nenda makaburi ya zamani, kandokando ya reli, mabonde ya mito yasiyojengeka, nyuma ya viwanja vya shule, kiwanja kilichokwama miaka na miaka kwenye kesi ya urithi. Sehemu kama hizo ndizo zilizobakiza mimea iliyokuwapo kabla ya mji. Makaburini hasa, maana ni wachache wenye ujasiri wa kukata mti ulioinamia kaburi la babu wa mtu.

Miti ya barabarani, kwa upande mwingine, mingi ni wageni. Jakaranda imetoka Amerika Kusini, mkrismasi ule wa maua mekundu umetoka Madagaska, mwembe na mwarobaini Asia ya Kusini, mkaratusi Australia. Ndiyo maana ukishushwa na ndege katika mji wowote wa joto unaona vivuli vile vile. Sina ugomvi na mwembe, umekaa ulipopandwa. Ninayemwogopa ni mgeni anayesambaa mwenyewe: lantana, gugumaji, au kunguru wa India, aliyepelekwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na ambaye leo ametapakaa pwani ya Afrika Mashariki akila mayai na makinda ya ndege wengine. Na mambo hugeuka kulingana na mahali. Konokono mkubwa wa Afrika Mashariki yuko kwao huku, ila katika visiwa vya Pasifiki ni balaa. Kwa hiyo usiulize tu kama kiumbe ni kizuri. Uliza kwao ni wapi.

Sasa tochi. Nunua ya kuvaa kichwani, utoke usiku baada ya mvua kubwa ya kwanza. Mwanga ukiwa sawa na macho yako, macho ya buibui yatakurudishia mng'ao kwenye nyasi kama umande. Vyura utawasikia kabla ya kuwaona. Kila aina ina mlio wake, na simu ya kawaida inatosha kuurekodi. Tazama pia maua yanayofunguka jioni. Mbuyu hufungua yake kuelekea usiku, na popo wa matunda ni miongoni mwa wanaoyachavusha. Popo hao hao hudondosha mbegu wanaporuka, na huko ndiko mingi ya miche isiyo na mpanzi inakotoka. Nenda na mwenzako, na mlinzi wa mtaa ajue mapema: mtu anayemulika vichaka usiku hueleweka vibaya sana.

Kwa kutambua majina natumia iNaturalist, iliyoanzishwa mwaka 2008, ambayo ni ya bure. Unapakia picha, programu inakisia, halafu watu wanaojua wanasahihisha. Makisio yake kwa wadudu wa tropiki huyumba, kwa hiyo usikubali jina la spishi kwa haraka. Kuishia kwenye familia si aibu. Picha moja ya mti mzima haimsaidii mtu. Piga jani juu na chini, namna majani yalivyopangika kwenye tawi, gome, ua, tunda. Vunja jani uone kama linatoa utomvu mweupe, kisha usijiguse macho. Wazee na wauza dawa za mitishamba waulize pia. Wengi wanaujua mti kwa harufu ya gome wakati wewe bado unatafuta mtandao. Ila mahali penye kiota cha bundi au kasuku pafiche kabisa. Wako wanaosoma ramani za programu hiyo wakitafuta cha kuuza.

Kuna sifa moja ya mimea ya mapambo ambayo wenye vitalu huitaja kwa fahari: hailiwi na wadudu. Kwangu hiyo ndiyo kasoro yake. Viwavi wa vipepeo wengi hula majani ya mimea michache tu, mara nyingi ya jamii moja, na mmea uliotoka bara jingine huenda wasiuguse kabisa. Unaweza kujaza ua kwa maua yenye nekta, vipepeo wakaja kunywa na kuondoka bila kutaga yai. Wasipokuwapo viwavi, ndege wanakosa cha kulisha makinda, kwa sababu hata ndege wengi wanaokula mbegu hulisha makinda yao wadudu. Jani lenye matundu ni habari njema. Jifunze kulivumilia kabla hujajifunza kupanda.

Kama eneo lako lina mkuyu au ndugu zake wowote wa asili, hapo utumie muda wako mwingi. Aina nyingi za jamii hii zina nyigu wao wadogo mno wanaoingia ndani ya tunda kuchavusha na kutaga. Nyigu hao huishi muda mfupi sana, kwa hiyo lazima kuwe na mti unaozaa mahali fulani karibu kila wakati. Matokeo yake ni kwamba matunda hupatikana hata miezi ambayo miti mingine haina kitu. Keti chini ya mkuyu uliozaa tangu alfajiri na utaona ndege ambao hukudhani wako mjini. Lakini tuseme ukweli: mizizi yake haina adabu. Usiupande karibu na ukuta, bomba wala tangi la maji taka, la sivyo jirani atakuchukia, na atakuwa na haki.

Mti mzee wenye mashimo, hata uliokufa, usiukate kama hauwezi kumwangukia mtu. Punguza matawi ya hatari, shina libaki. Hondohondo hutaga ndani ya shimo la mti; katika spishi nyingi jike hujiziba humo na dume humlisha kupitia ufa mwembamba. Singapore, ambako hondohondo walikuwa wametoweka, walipoanza kurejea katika miaka ya 1990 tatizo likawa miti mikubwa yenye mashimo ni michache, ikabidi watundikiwe masanduku ya viota. Sanduku ni kazi na gharama. Shimo la mti mzee ni bure.

Ukifika wakati wa kupanda, chukua mbegu kutoka miti ya karibu, kwa ruhusa, na uache nyingi chini ya mama yao. Mbegu nyingi za miti ya misitu yenye mvua hufa zikikaushwa, hivyo zipande zikiwa mbichi. Zile za maganda magumu loweka kwenye maji ya moto usiku kucha. Mlima wa Tijuca, Rio de Janeiro, ulikuwa umefyekwa kwa ajili ya kahawa hadi chemchemi za mji zikapungua. Upandaji miti ulianza mwaka 1861, kwa jasho la watu waliokuwa watumwa, na leo ni hifadhi ya taifa ndani ya jiji.

Majirani watakuja na hoja mbili: mbu na nyoka. Kuhusu mbu, wapeleke kwenye matairi, makopo na sahani za vyungu, ambako mbu aina ya Aedes huzaliana. Bwawa lenye samaki na mabuu ya kereng'ende haliwafai. Kuhusu nyoka usibishane. Fyeka ukingo wa njia upana wa hatua mbili, nyasi ziwe fupi, na ukimwona mmoja rudi nyuma umwache apite. Usimkamate ili umtambue. Ukingo uliofyekwa una faida nyingine: wafyekaji wa manispaa wanaona kwamba pori lile lina mwenyewe. Na kwa ajili ya viumbe wa usiku, taa za nje zizime usiku wa manane, au uzielekeze chini.

Kumbukumbu zako ziwe na tarehe, mahali na picha, hata kama ni daftari la shule. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Wangari Maathai na wenzake walipinga kugawiwa kwa Msitu wa Karura, Nairobi, kwa waliotaka kujenga. Januari 1999 walipigwa walipokwenda kupanda miti, na msitu huo wa zaidi ya hekta 1,000 upo hadi leo. Kipande chako kinaweza kuwa cha hatua mia tu, lakini siku tangazo la mradi likibandikwa, mwenye orodha ya viumbe atasikilizwa kuliko mwenye huzuni. Ipeleke wakati maoni ya tathmini ya mazingira bado yanapokelewa, chapa nakala mbili, na ile ya pili uombe igongwe muhuri wa kupokelewa.