Kujitegemea kwa kuchora ramani kwa kompyuta
Ndugu yangu wa Chake Chake, umeuliza kama kuijua AutoCAD, programu ya kuchorea ramani za majengo kwa kompyuta, kunatosha kuanza kujitegemea. Hakutoshi, kwa sababu mteja hanunui programu, bali ramani ambayo fundi ataisoma bila kumpigia mchoraji simu. Mimi ningeanza na upimaji wa majengo yaliyopo: Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, umejaa nyumba za mawe na chokaa ambazo kuta zake nene hazikunyooka, na anayetaka kuikarabati mojawapo huhitaji kwanza mchoro wa hali yake halisi (kazi ya vumbi, nakiri). Chukua arbuni kabla ya kupima, andikianeni na mteja idadi ya marekebisho yasiyolipiwa, na faili la DWG, yaani mchoro wenyewe wa AutoCAD unaoweza kubadilishwa, ulikabidhi baada ya kulipwa. Kabla ya hapo, kwa kumwonesha mteja tu, PDF inatosha.