Tulimwomba mwanasiasa miche, tukasahau mipaka

Kikundi chetu kilianza kwa kosa ambalo ningependa kikundi chako kiliepuke. Tulipotaka kuokoa kichaka kinachozunguka chemchemi ya kijiji, tulimwendea mgombea mmoja tukamwomba miche, naye akaleta lori zima, akapanda mti mmoja mbele ya wapiga picha, akaondoka. Kiangazi kilikuwa kimekaribia, na miche mingi ikakauka. Lakini kilichotuumiza zaidi ni kwamba miaka miwili baadaye alikuja mtu akiwa na mpima ardhi, nasi hatukuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kichaka kile kinaishia wapi.

Tangu siku hiyo nimeitazama upya safari ya kisiasa ya Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira wa Kenya. Wengi wetu humkumbuka kwa miti, na ni haki yake, kwa kuwa vuguvugu la Green Belt aliloanzisha mwaka 1977 lilipanda mamilioni. Hata hivyo, vita vilivyomfanya achukiwe na wakubwa vilihusu ardhi ya umma. Mwaka 1989 aliandika barua ofisi baada ya ofisi kupinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa Uhuru Park, bustani ya umma jijini Nairobi, na Januari 1999 alipigwa na kujeruhiwa kichwani huko Karura, msitu wa jijini humo wa takriban hekta 1,000 ambao sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi.

Alichaguliwa mbunge wa Tetu Desemba 2002, akateuliwa waziri msaidizi wa mazingira mwaka uliofuata. Bunge hilo ndilo lililopitisha Sheria ya Misitu ya 2005, ambayo iliziruhusu jumuiya zinazopakana na misitu kushiriki kuisimamia. Kiti chake alikipoteza katika uchaguzi wa 2007, lakini sheria ilibaki, na wanavijiji ambao hawakuwahi kumpigia kura waliitumia.

Kwa hiyo mgombea anapofika kwenye baraza lenu akijiita mtetezi wa mazingira, mwonyesheni ramani kabla ya kumwonyesha mashimo ya kupandia. Mwulizeni kama eneo lenu limepimwa na limesajiliwa kwa jina la nani. Ikiwa amewahi kuwa bungeni au katika bunge la kaunti, mwulizeni ni mswada gani aliuunga mkono, na ni swali gani aliuliza msitu ulipokatwa kipande. Ahadi yake iandikeni katika barua, mwombeni aitie sahihi, kisha pelekeni nakala katika ofisi ya ardhi na mhakikishe yenu imepigwa muhuri wa kupokelewa. Huo muhuri, niamini, una thamani kuliko picha yoyote ya kampeni.

Sisi tulijibiwa barua ya nne. Mawe ya mpaka yalipowekwa, akina mama wa kikundi ndio waliokwenda kuotesha mbegu za mikuyu katika kitalu chetu wenyewe, wakasubiri mvua ya masika.