Usifasiri "tabu" kabla hujajua nani kaitamka

Juzi mfasiri chipukizi aliniandikia akitaka neno moja la Kiswahili la kuchukua nafasi ya wantok, neno la Tok Pisin, lugha inayowaunganisha watu wa Papua New Guinea, nchi ya visiwa vya Pasifiki. Nilimwambia asifanye haraka. Lugha za visiwa vile ziliwahi kuniaibisha.

Nilipewa kufasiri maelezo ya mazishi ya Watolai, wenyeji wa Rasi ya Gazelle, upande wa mji wa Rabaul, nchini humo. Kila aya ilikuwa na neno tabu. Nikajiona mjuzi, kwa kuwa sikunaswa na tabu yetu ya mashaka. Nilijua kwamba katika Tok Pisin tambu ni kilichokatazwa, nikaandika "mwiko" kote. Ikachapishwa kwamba jamaa wa marehemu walikata mwiko vipande wakawagawia waombolezaji. Msomaji aelewe nini hapo? Mteja hakunipa kazi tena, wala simu yangu hakupokea. Miaka sita imepita na bado inaniuma.

Tabu ya Watolai ni fedha. Ni magamba ya konokono wadogo wa baharini, hutobolewa yakatungwa kwenye fito nyembamba za henzirani. Hupimwa kwa mikono miwili iliyonyooshwa, pima ileile ya mabaharia wetu. Watu huitumia sokoni, hulipa mahari kwayo, na akiba huviringwa ikawa duara kubwa kama gurudumu, liitwalo loloi. Mwenyewe akifa, loloi hufunguliwa, tabu ikakatwa na kugawiwa waliokuja kumlilia, na heshima yake huonekana kwa wingi wa kilichogawiwa. Mimi heshima hiyo niliifuta kwa neno moja! Tena katika Tok Pisin tambu ni shemeji au mkwe pia.

Ndugu zangu, kamusi ije mwisho. Kwanza uliza anayesema ni nani, na mkononi ana nini. Kisha isome sentensi yako kwa sauti. Ningeisoma ile mara moja tu ningeshtuka, kwani mwiko huvunjwa, haukatwi.

Nawe kijana, wantok ni mtu mnayesema naye lugha moja. Nchi ile ina lugha zaidi ya 800, basi wenye lugha moja wakikutana mjini hutegemeana kwa malazi, nauli, hata ada ya shule. "Ndugu" halitoshi. "Mtu wa kwetu" linakaribia. Liache wantok lilivyo, lieleze mara moja mwanzoni, uendelee na kazi.