Themu yangu imerudishwa mara tatu, wanataka nini hasa?

SWALI: Habari mtaalam. Nimetengeneza themu (sura ya saiti) ya WordPress, ile programu ya kutengenezea tovuti, nikaituma kwenye saraka ya WordPress.org ili watu waipakue bure, sasa ni mara ya tatu inarudishwa. Mara leseni za picha (nimechukua Unsplash, si za bure zile?), mara majina ya fankisheni, na hii ya mwisho wanasema sehemu yangu ya Miradi, ambapo mtu anaingiza kazi zake, ni kazi ya plagini (kile kifurushi cha kuongezea saiti uwezo). Kwangu inafanya kazi vizuri kabisa na kila aliyeiona kaipenda. Wananionea au?

JIBU: Hawakuonei ndugu yangu. Mi nakagua themu na kuna nzuri kweli, zinavutia kuliko hata za kununua, nimezirudisha vilevile. Mkaguzi hakagui uzuri. Anamuwaza yule mtu asiyejua hata PHP, lugha ya kodi ya WordPress, ni nini, anabonyeza kusakinisha na saiti yake ina plagini ishirini ambazo wewe hujawahi kuzisikia. Kwako inafanya kazi ndio, kwako kuna plagini mbili na makala tano ulizoandika mwenyewe.

Tuanze na hiyo Miradi maana ndo inauma watu zaidi. Mtu ametumia themu yako miaka miwili, kaingiza miradi sabini, siku moja kaamua kubadilisha sura ya saiti akaweka themu nyingine, anafungua dashibodi anakuta menyu ya Miradi haipo, kurasa zake zinaleta 404 (ukurasa haupatikani), anadhani kila kitu kimefutika. Hakijafutika, kipo kwenye hifadhidata, ila iliyokuwa inaitambulisha hiyo aina ya maudhui ni themu yako na sasa imezimwa. Ndo maana sheria inasema themu ionyeshe tu, chochote ambacho mtu angetaka kibaki akibadilisha themu kiende kwenye plagini. Shotikodi (vile vikodi vya kwenye mabano vinavyowekwa ndani ya makala) ni hivyohivyo, na takwimu za wageni, na mambo ya SEO, yaani kuonekana kwenye Google. Wewe hamisha Miradi iwe plagini yake peke yake, kwenye themu bakisha templeti tu za kuipendezesha. Ni kazi ya jioni moja.

Picha sasa. Bure kutumia na GPL, ile leseni ya WordPress yenyewe, ni vitu viwili tofauti, na hapa wanateleza hata wazoefu. Kila kilichomo ndani ya ile zipu, picha, fonti, ikoni, skripti, lazima leseni yake iendane na GPL, maana anayepakua ana haki ya kubadilisha na kugawa tena kifurushi chote, hata kukiuza. Picha za Unsplash zilikuwa CC0 (mwenyewe kaachia haki zake zote) mpaka Juni 2017, wakabadilisha wakaweka leseni yao wenyewe inayokataza kuzikusanya ili kuanzisha huduma inayofanana na yao. Sharti hilo moja tu linatosha kuivunja GPL. Tafuta picha za CC0, au piga zako mwenyewe (mi ndo napenda hiyo, hakuna wa kukuuliza), halafu kwenye readme.txt andika kila moja imetoka wapi na leseni yake. Na usisahau ile picha ya screenshot, nayo inahesabika, vipimo mwisho 1200 kwa 900.

Majina ya fankisheni ni fupi. Ukiita fankisheni yako onyesha_tarehe na kuna plagini ina jina hilohilo, PHP inagoma na saiti nzima inakufa. Weka jina la themu mbele ya kila kitu, fankisheni, klasi, mipangilio, basi.

Sasa hujaniuliza ila nakuambia kabla hawajakurudisha mara ya nne: kila unachokiprinti kipitishe kwenye kichujio palepale unapokiprinti, si mistari kumi juu. Maandishi esc_html, linki esc_url, kilichopo ndani ya atributi esc_attr. Usiseme "aah hii inatoka kwenye mipangilio ya mwenye saiti, ni salama", ipitishe tu. Na kama umetumia Customizer, ile sehemu ya mwenye saiti kurekebisha mwonekano, kila mpangilio uwe na sanitize_callback yake, kile kinasafisha kinachoingia, hizi za esc zinalinda kinachotoka, moja haichukui nafasi ya nyingine.

Kisha weka mausi pembeni tembea kwenye menyu yako kwa kitufe cha Tab. Kama menyu ndogo hazifunguki bila mausi, utarudishwa, na kwa haki kabisa, kuna watu hawatumii mausi maisha yao yote.

Kabla hujatuma washa WP_DEBUG ili makosa ya kodi yaonekane, pitisha plagini ya Theme Check inayokagua themu, halafu ingiza yale maudhui ya majaribio ya WordPress, yana vichwa virefu vya ajabu na makala zisizo na kichwa kabisa, utaona themu yako nzuri inavyochanika. Theme Check ikisema sawa usishangilie sana, haijui leseni ya picha, hiyo anaangalia binadamu.

Na pandisha namba ya toleo kwenye style.css, ukituma namba ileile mfumo unaikataa hata kabla mkaguzi hajaiona.