Kundi la damu A na mbio: usiache kukimbia

Umesema wewe ni kundi A, na umeambiwa uache mbio ubaki na yoga kwa sababu kukimbia ni kwa watu wa kundi O. Ndugu yangu, endelea kukimbia. Makundi ya ABO, aliyoyagundua Karl Landsteiner mwaka 1901, yanatofautiana kwa sukari zilizo juu ya utando wa chembe nyekundu. Oksijeni hubebwa na himoglobini, iliyo ndani ya chembe, nayo hufanya kazi ileile kwa A, B, AB na O.

Tofauti moja ni ya kweli: wasio kundi O huwa na protini za kugandisha damu nyingi kidogo, hivyo hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu huongezeka kidogo. Hiyo ni sababu ya kutokaa muda mrefu bila kujongea!

Ninachokusihi upime ni aina ya himoglobini yako, inayoandikwa AA, AS au SS, ambayo wengi huichanganya na kundi la damu. Mwenye AS, yaani aliyerithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, anaweza kushiriki michezo yote. Ila akijisukuma ghafla kupita kiasi, hasa kwenye joto kali au akiwa amepungukiwa maji, chembe zake zinaweza kubadilika umbo kuwa kama mundu, zikaziba mishipa midogo na kuharibu misuli. Aongeze mazoezi polepole, apumzike kati ya mizunguko, na asimame mara misuli inapolegea au pumzi inapokata. Mwenye SS, yaani mgonjwa wa selimundu, apange mazoezi pamoja na daktari wake.